Amina Kabla ya Ushahidi

Mama Haika alipomaliza kutoa ushuhuda, sebule nzima ilipiga makofi. Watu walikuwa wamebanana kwenye makochi, wengine wamekaa juu ya zulia, na viatu vyao vimejaa mlangoni. Ilikuwa Jumamosi jioni, Kingsbury, London, na ibada ya nyumbani ilikuwa imechangamka. Mama Haika alikuwa amewaeleza kwamba Shamir, mwenye nyumba aliyemsukuma binti yake kwenye ngazi na kumvunja mkono, amehukumiwa miaka mitatu jela.

"Tuliomba hapa hapa," alisema huku akijifuta machozi kwa pindo la khanga. "Tulisema, Bwana, mfunge mtu yule. Na Bwana amemfunga!"

"Amina!"

Ndipo Anastasia akasimama. Hakuwa amepanga kusimama. Alikuwa mtu wa jikoni katika ibada zile, mtu wa kukaanga maandazi na kuosha vikombe, na hata hospitalini alikofanya kazi ya kuwasaidia wauguzi watu walimjua kwa ukimya wake. Lakini siku hiyo furaha ilimzidi.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Na mimi nina neno. Sijamwambia mtu, hata Baba Manka hapa hajui." Watu wakacheka, wakamgeukia mumewe Philemon, naye akacheka kwa adabu. "Mnakumbuka niliitwa mahakamani, kwenye juri, kuwa mmoja wa wale watu kumi na wawili wanaoamua kesi. Nikauliza, Bwana, unanipeleka huko kufanya nini? Siku ya kwanza karani anasoma majina ya mashahidi. Nasikia, Haika! Ndugu zangu, ni binti yetu tuliyemwombea! Jaji akauliza, kuna anayemfahamu yeyote kati ya hawa? Kuna aliyewahi kuisikia habari hii? Nikanyamaza. Nikajua Mungu ameniweka kwenye kiti kile kwa kusudi."

"Haleluya!" Mama Haika aliruka akamkumbatia, na vigelegele vikapigwa.

Karibu na dirisha, simu moja ilikuwa imeinuliwa. Kila Jumamosi shuhuda zilirekodiwa na kutumwa kwenye kundi ili walioko kazini nao wabarikiwe. Katika sebule ile ni Philemon peke yake ambaye hakupiga makofi.

Mke na mume walipanda basi la kwenda nyumbani Harrow wakakaa ghorofa ya juu, kiti cha mbele. Philemon alikuwa karani katika shule ya sekondari, mtu wa kupima maneno, na hakufungua kinywa mpaka basi likapita Kenton.

"Rudia alivyouliza jaji," alisema.

"Baba Manka, nimechoka."

"Rudia."

"Aliuliza kama kuna anayemfahamu shahidi."

"Na wewe ulimfahamu."

"Sijawahi kukutana naye hata siku moja! Haika anakaa Southall, haji ibadani. Yeye mwenyewe asingenijua tukigongana njiani. Hata mama yake hakufika mahakamani, binti alimkataza, alisema atashindwa kusema mbele yake. Nilimjua kwa jina tu."

"Kwa jina, na kwa mkono uliovunjika, na kwa jinsi alivyosukumwa. Yote hayo ulikuwa nayo kichwani jaji hajakaa."

"Tuliombea tu."

"Tuliomba afungwe. Mimi pia nilisema amina, sikatai. Lakini mimi sikwenda kukaa pale." Philemon alishusha sauti kwa sababu msichana mmoja wa nyuma alikuwa ameondoa vipokea sauti masikioni. "Ulikula kiapo umeshika nini?"

Anastasia alitazama nje. Maduka yalikuwa yanafunga. "Biblia."

"Ukaapa nini?"

"Kwamba nitatoa uamuzi wa kweli kwa kufuata ushahidi."

"Ushahidi upi, Anastasia?"

Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina lake. Alimwita hivyo siku ya harusi, na siku alipomletea habari za kifo cha baba yake.

"Kwa hiyo unasema yule mtu hakumsukuma?" Anastasia aliuliza kwa hasira. "Alikuwa anamfukuza kwenye chumba! Wote wawili walikubali kwamba waligombana juu ya ngazi. Yeye anasema binti aliteleza akivuta sanduku, binti anasema alisukumwa. Unamwamini nani?"

"Sijui. Na watu kumi na wawili walikusanywa kwa sababu hakuna ajuaye. Wewe ulikwenda ukiwa umeshajua."



Asubuhi Manka, binti yao wa miaka kumi na saba, aliingia jikoni na simu mkononi. Alikielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa huku.

"Mama, hii ni sauti yako? Nimetumiwa na watu watatu. Mmoja hata hakai London."

"Ni ushuhuda. Ni mambo ya ibada."

"Mama, hili ni kosa la jinai."

"Nenda kaoge, tuna kanisa."

"Hujanisikia? Watu wanafungwa kwa hili."

Anastasia alichukua simu yake mwenyewe akafungua kundi la maombi. Pale sauti yake ilipokuwa imetumwa jana yake, paliandikwa kwamba ujumbe umefutwa. Chini yake, walioandika 'Utukufu kwa Bwana' nao walikuwa wamefuta, mmoja baada ya mwingine, ukurasa mzima. Hakuna aliyempigia kumweleza. Saa chache baadaye alitumiwa ujumbe mfupi kwamba zamu yake ya kupika Jumamosi ijayo itachukuliwa na mwingine, apumzike.

Katikati ya wiki alikwenda kwa Rasik, kwenye duka lake la Barabara ya Kingsbury. Rasik alizaliwa Mwanza, akaja London kijana, na Kiswahili chake cha Mwanza hakikuchuja.

"Dada, umepotea! Leo ndizi nzuri. Za Moshi siyo, lakini zinapikika."

"Nipe hizo hizo. Na unga wa dona, kama upo."

"Upo kule chini. Ngoja nikutolee."

Nyuma ya Anastasia alisimama mama mmoja wa Kihindi, koti la kijivu, fungu la kotmiri mkononi. Aliinua kichwa ghafla.

"Samahani," alisema kwa Kiswahili. "Hebu sema tena."

Anastasia aligeuka akitabasamu. Watu wa Kingsbury walipenda kujaribu Kiswahili chao. "Niseme nini, mama?"

"Sema, Bwana asifiwe."

Tabasamu lilimganda Anastasia usoni.

"Mimi si wa dini yenu," mama yule aliendelea, "lakini maneno yale nimeyasikiliza mpaka nimeyakariri. 'Nikanyamaza. Nikajua Mungu ameniweka kwenye kiti kile kwa kusudi.' Jirani aliniletea, akasema, Hina, kuna sauti inazunguka, isikilize. Nyinyi mlidhani nani Kingsbury hajui Kiswahili? Mimi nimezaliwa Tanga."

Rasik aliinuka na mfuko wa unga. "Hina, taratibu. Wateja."

"Sijamgusa, Rasik bhai, kaka yangu. Wakili wetu amenikataza kumtafuta mtu yeyote wa juri, na sijamtafuta. Nimekuja kununua kotmiri." Sauti ya Hina haikupanda hata kidogo, na hilo lilimtisha Anastasia kuliko kelele. "Mimi ndiye mke wa Shamir."

Kijana aliyekuwa anapanga makopo aliacha kupanga. Mteja mmoja aliyekuwa anakwenda mlangoni alirudi nyuma, akajifanya anachagua viungo.

"Nilikaa pale kila siku," Hina alisema. "Sisi jamaa wa mshtakiwa hatuna la kufanya ila kutazama nyuso. Wewe ulikuwa safu ya nyuma, mwishoni, na kilemba cha zambarau. Wengine walipiga miayo. Yule kijana wa mbele alikuwa anachezea kucha. Wewe ulisikiliza. Nikamwambia dada yangu, yule mama anaonekana mcha Mungu, yule atampima mume wangu kwa haki."

Anastasia aliutazama mlango.

"Sikuulizi kama alimsukuma. Mimi sikuwepo kwenye ngazi. Mara nyingine na mimi namuuliza Mungu." Hina alilihamishia fungu la kotmiri mkono wa pili. "Lakini kama alifanya, alikuwa na haki ya kukutwa na hatia na watu waliokuwa hawajaamua. Wakili anasema sauti peke yake haitoshi. Wanaweza kusema ni mama fulani alikuwa anajisifu kanisani. Atakayeulizwa ni wewe."

Alilipia kotmiri akatoka. Rasik aliuweka mfuko wa unga kaunta, akaupangusa vumbi lisilokuwepo.

"Dada, nikupimie na ndizi?"

Anastasia alitikisa kichwa. Alitoka mikono mitupu, akatembea vituo vinne bila kukumbuka kwamba anaweza kupanda basi.

Kabla mwezi haujaisha, wakili wa Shamir alikuwa ameipeleka sauti ile Mahakama ya Rufani, nayo ikaagiza uchunguzi, na Anastasia akapangiwa siku ya kuhojiwa. Wakili aliyepewa alimweleza bila kuzunguka. Akikubali kwamba alimjua shahidi na akaficha, huenda hukumu ya Shamir ikatenguliwa na kesi ikaanza upya, na yeye mwenyewe anaweza kushtakiwa na kwenda jela. Kazi ya hospitali asiitegemee tena. Akinyamaza, kuna sauti tu, na sauti inaweza kubishaniwa.

Siku mbili kabla ya mahojiano, Mama Haika alikuja Harrow pamoja na Mchungaji Aristide. Mchungaji alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mpole, aliyewahi kulala sakafuni wodini akimwombea mgonjwa asiyemjua. Philemon aliwakaribisha chai.

"Mama Anastasia," Mchungaji alianza, "ile maneno ulisema, ulisema mu furaha. Mutu akiwa mu furaha anaongezaka chumvi. Unaweza waambia vile. Ile si bongo sana."

"Si uongo sana," Philemon alirudia polepole.

"Au sema hukulisikia jina vizuri," Mama Haika alidakia. "Wazungu wenyewe hawajui kulitamka. Nani atakubishia?"

"Mimi nililisikia, Mama Haika."

"Basi lisahau!" Mama Haika aliweka kikombe kwa kishindo, chai ikamwagika kwenye kitambaa. "Hujui mwanangu alivyoteseka kusimama pale. Kesi ikirudiwa atasimama tena, avuliwe nguo tena kwa maneno. Kwa sababu ya ulimi wako! Mimi sikukuomba ukae kwenye kiti kile."

"Ulinikumbatia."

"Nilikukumbatia kwa kuwa nilidhani una akili."

Philemon alichukua kitambaa akaanza kufuta meza, na alipozungumza hakumtazama mtu.

"Mchungaji, kwa hiyo aongeze uongo juu ya ule wa kwanza, halafu tufunge kwa sala?"

Mchungaji Aristide alikisukuma kikombe chake pembeni. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akiombwa jambo baya kwa ajili ya mtu anayempenda huchelewa kuliona. Hatimaye alisimama, akavaa koti. Hakufunga kwa sala.

Haika alikuja kesho yake, peke yake. Anastasia alipofungua mlango alimtambua mara moja, ingawa mahakamani alimwona kwa mbali. Mkono wake wa kushoto haukunyooka vizuri. Aliushikilia kwa mkono mwingine kama mtu aliyebeba mtoto.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nikuletee chai?"

"Asante, sikai." Alibaki amesimama kwenye korido, viatu miguuni. "Nimekuja kuuliza jambo. Habari zangu zilifikaje kwenu?"

"Mama yako alizileta kwenye maombi. Alikuwa analia."

"Nilimwambia mama peke yake. Sikuiambia sebule."

"Tulikuombea kwa upendo, Haika."

"Najua. Nilipovunjika hata chakula mlimpa mama aniletee, mlinipikia mtori wa ndizi, nilikula nikashukuru." Alivuta pumzi. "Nisikilize, mama. Nilisimama pale siku mbili. Wakili wake aliniita mwongo kwa maneno matamu, tena na tena. Kila nikitaka kuanguka nawatazama ninyi kumi na wawili, najiambia, hawa hawanijui. Hawana sababu ya kunipenda. Wakiniamini hawa, basi nimeaminiwa. Hukumu iliposomwa nililia, watu wakadhani nafurahi amefungwa. Nililia kwa sababu watu nisiowajua walisema nimesema kweli."

Anastasia alishika ukuta.

"Sasa sijui," Haika alisema. "Sijui kama niliaminiwa au niliombewa."

"Mwanangu, nilidhani nakusaidia."

"Ulikuwa unyooshe mkono tu. Mara moja! Wangekutoa, wangemweka mtu mwingine, na leo hukumu ile ingekuwa yangu. Wanasema nitaanza upya. Nitaulizwa rangi ya sanduku, nitaulizwa nilisimama ngazi ya ngapi, na nikikosea neno moja na nililosema mwanzo, mimi ndiye nitakuwa mwongo."

"Kesho nakwenda kuhojiwa." Sauti ya Anastasia ilikuwa ndogo. "Unataka niseme nini?"

Haika alimtazama kwa mshangao, kisha uso wake ukafunga kabisa.

"Usiniulize mimi. Umeshaniamulia vya kutosha."

Alitoka. Kupitia kioo cha mlango Anastasia alimwona akihangaika kufunga zipu ya koti kwa mkono mmoja, barabarani, kwenye upepo. Alitaka kutoka amsaidie. Mguu haukunyanyuka.

Siku ya mahojiano aliamka alfajiri akapiga magoti kama kawaida. Alianza: Bwana, nipe maneno. Halafu akaona aibu, maana maneno alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, ni machache, mtoto angeweza kuyasema. Alikaa pale magotini bila kuomba kitu mpaka Philemon alipomgusa bega.

"Nimepiga pasi blauzi yako," alisema. "Na mimi nimeomba ruhusa kazini. Nitakaa nje ya mlango."

"Hata kama..."

"Hata kama. Vaa, tusichelewe treni."

Chumba cha mahojiano kilikuwa kidogo. Walikuwapo maofisa wawili wa uchunguzi, mwanamke na mwanamume, na wakili wake pembeni. Walimuuliza kama anahitaji mkalimani. Alisema hapana, atajibu kwa Kiingereza chake hicho hicho. Wakili alimkumbusha tena, kwa sauti ya chini, kwamba halazimiki kujibu.

"Majina ya mashahidi yaliposomwa," mwanamke aliuliza, "kuna jina ulilolifahamu?"

"Ndiyo. Haika."

Wakili aliweka kalamu mezani.

"Ulimfahamuje?"

"Mama yake tunasali naye. Alituambia yote kabla ya kesi. Mkono, ngazi, jina la mwenye nyumba. Tuliombea."

"Mliomba nini?"

"Mtu yule afungwe."

Mwanamume aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Mwanamke ndiye aliyeendelea. Sauti yake ilipokuja haikuwa na ukali wowote.

"Jaji aliuliza waziwazi. Kwa nini hukunyoosha mkono?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa jibu alilolitoa sebuleni kwa Mama Haika, na kumpa mumewe, na kujipa mwenyewe kila usiku, na lilikuwa limempa usingizi kwa muda mrefu.

"Mungu..." alianza.

Akaishia hapo. Maofisa walingoja. Nyuma ya mlango Philemon alikohoa mara moja, kikohozi cha mtu anayekaa kwa muda mrefu kwenye kiti kigumu.

"Hapana," Anastasia alisema. "Mungu hakuwepo katika hilo. Nilitaka afungwe. Nilitaka hivyo kabla sijamwona uso, na nilijua kwamba nikinyoosha mkono watanitoa."

Wakili alifumba macho. Ofisa mwanamke aliuliza kama angependa kupumzika kidogo, anywe maji.

"Sihitaji," alisema, akasogeza kiti karibu na meza. "Niulizeni yote."